Wanachuo mnaofanya utafiti Mtwara na Lindi: hili la "unyago ndio chanzo" mnalinganisha na nani?

MwanaShangani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mwaka ukifika msimu wa proposo simu yangu haipumziki. Watoto wa ndugu, watoto wa majirani, na watu walioelekezwa na watoto wa majirani, wote wanataka niwapitie kazi zao kabla hazijafika kwa supavaiza. Sioni tabu. Madodoso ndiyo yamenilisha, kuanzia Tandahimba mpaka Liwale, na mtu aliyekula kwa kazi hiyo hawezi kumfungia mlango mwanafunzi.

Ila kuna mada moja inayonirudia mpaka nimeihifadhi kichwani: "Mchango wa unyago katika utoro na mimba za wanafunzi wa kike wilayani" halafu jaza wilaya yoyote ya Kusini, utakuta imeshaandikwa. Leo naileta hapa. Mada yenyewe si mbaya. Shida ni kwamba inavyofanywa haiwezi kujibu swali lake, na ndani yake yamo karibu makosa yote ninayokutana nayo kwenye tafiti zetu.

Mtafiti anafika kijijini. Anaomba aonyeshwe mabinti walioacha shule. Anamuuliza wa kwanza: ulichezwa, yaani ulipitia unyago, yale mafunzo ya jadi ya kumwingiza binti utu uzima? Nimechezwa. Wa pili, nimechezwa. Wa tatu hivyohivyo. Anarudi mjini, anachora chati ya duara iliyojaa rangi moja, anaandika sura ya nne: walio wengi kati ya walioacha shule walipitia unyago, hivyo unyago ni chanzo kikuu cha utoro. Sura ya tano inapendekeza serikali ipige marufuku. Anahitimu, tunakula pilau.

Sasa rudi kijiji kilekile. Mtafute nesi wa zahanati aliyezaliwa hapo. Mtafute binti aliyeko kidato cha sita. Mtafute mwalimu wa kike wa huku, yule anayewafundisha hao hao watoro. Waulize swali lilelile. Nao wamechezwa, na mama zao wamechezwa. Jambo walilonalo walioacha shule na waliobaki pia haliwezi peke yake kutueleza kwa nini hawa waliacha na wale hawakuacha. Kuuliza mabinti wa vijiji vyetu vingi kama wamechezwa ni sawa na kuwauliza kama wana pua, kisha kuandika kwamba pua inasababisha utoro.

Msininukuu vibaya. Sijasema unyago hauna athari. Inawezekana unayo, tena kubwa. Lakini ukitaka kuiona, lazima utafute mahali ambapo unyago wenyewe unatofautiana: mtoto alikuwa na umri gani, sherehe ilifanyika likizo au katikati ya muhula, alikaa ndani kwa muda gani, nyumbani walitumia fedha kiasi gani na fedha hiyo ilitolewa kwenye fungu gani, alipotoka nani alianza kumwita mtu mzima. Hapo una vigeu vya kufanyia kazi. "Alichezwa au hakuchezwa" kwa huku kwetu si kigeu.

Halafu kuna hili la mimba, ambalo watu wanalipita kama hawalioni. Kwa miaka mingi binti akipata mimba alikuwa anafukuzwa shule, na kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi ndizo zilizokuwa zinatajwa. Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi. Kwa hiyo binti aliyetoka shuleni mwaka 2015, mimba yake haikumtoa kwa mkono wake. Alitolewa na uamuzi wa watu wazima waliokaa mezani. Binti wa mwaka 2023 aliyejifungua na hakurudi, habari yake ni nyingine kabisa: pengine hakuna wa kumwachia mtoto, pengine sekondari iko mbali, pengine anaona haya kukaa dawati moja na wadogo zake. Ukiwaweka wote kwenye mstari mmoja wa jedwali ukaandika "chanzo: mimba", umeifuta sheria kwenye historia na lawama yote umembebesha mtoto na bibi yake.

Ndiyo maana kila anayeniletea kazi namuuliza kwanza: ukilinganisha na nani? Akijibu hilo namuuliza: na ukilinganisha na lini?

Hata kwenye korosho ni hivyohivyo. Stakabadhi ghalani, yaani mkulima anapeleka korosho ghalani, anapewa risiti, na korosho inauzwa mnadani, imeingia kwetu msimu wa 2007/08. Bei ikipanda, mtu anaandika mfumo umemkomboa mkulima. Ikishuka, mwingine anaandika mfumo umemuua. Msimu wa 2017/18 bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Msimu uliofuata wanunuzi wakaja na bei ambazo serikali ilizikataa, ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, wanajeshi wakasomba magunia. Minada ilipofunguliwa, mfumo ulikuwa uleule misimu yote miwili. Korosho ghafi yetu inakwenda India na Vietnam, na hali ya soko la huko inaingia mnadani Tandahimba bila kupiga hodi. Kama utafiti wako una stakabadhi lakini hauna Vietnam, bado hujaanza.

Daraja la Mkapa pale Rufiji, 2003, sitalisemea sana. "Tangu daraja maisha yamebadilika." Sawa. Lakini tangu mwaka huo zimekuja pia simu za mkononi, lami ya vipande vipande, stakabadhi, na gesi. Kipi kimeleta kipi?

Karibuni wadau. Mwenye hoja aweke, mwenye matusi apite.

Kijana_Chikongola

Hahaha mkuu, hapo umewachapa wengi bila kuwataja. Lakini usitutishe. Mimi yangu ilikuwa ya bodaboda, nilitumia fomula ya Yamane ya kukokotoa idadi ya watu wa kuhoji, nikapata watu 99. Hesabu haidanganyi.

MwanaShangani

Hiyo 99 naifahamu, ni kama namba ya simu ya chuo. Ngoja nikueleze inatoka wapi, maana wengi wanaikopi tu.

Fomula inasema: gawanya idadi ya watu wote kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara kosa unaloliruhusu, likiwa limezidishwa kwa lenyewe. Kata yenye watu 12,000, ukiruhusu kosa la asilimia 10, unagawa 12,000 kwa 121. Jibu 99. Sasa weka mkoa mzima wa Mtwara, ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 1.6. Jibu ni 100. Mtu mmoja tu kaongezeka! Idadi ya watu karibu haina kazi hapo, kinachoamua ni lile kosa. Ukibana kosa liwe asilimia 5, kata ile inakudai watu 387, mkoa unakudai 400. Wanafunzi wanachagua asilimia 10 kwa sababu nauli ya kuwafikia watu 99 inalipika. Sawa, umaskini si dhambi, ila ujue umenunua nini: ukikuta nusu ya watu wanasema ndiyo, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 40 na 60. Halafu sura ya nne mtu anaandika "asilimia 53 dhidi ya 47, hivyo wengi wanakubali". Hakuna wengi hapo.

Na hilo bado ni dogo. Fomula inadhani kila mtu ana nafasi sawa ya kuchaguliwa. Wewe ulienda stendi ukawahoji bodaboda waliokuwa wamekaa. Aliyekaa ni yule asiye na abiria. Mwenye wateja wake wa kudumu hukumpata, alikuwa barabarani. Kisha unaandika kipato cha bodaboda ni kidogo.

Kijana_Chikongola

Aisee. Nimenyamaza.

Karani_wa_Zamani

Naunga mkono mleta uzi na naongeza upande wa dodoso lenyewe, maana nimegonga milango mingi.

Ukifika kijijini umeongozana na mtendaji, mkononi umeshika kishikwambi, kifuani kitambulisho, watu hawasikii "utafiti". Wanasikia TASAF, ule mfuko unaotoa ruzuku kwa kaya maskini. Mtu ana bati jipya anakuambia analala njaa. Ana mbuzi, mbuzi wanakuwa wa shemeji yake. Si mwongo. Amekuangalia akafikiri wewe ni nani, akakujibu kama huyo aliyemfikiria. Kijiji jirani wakisikia ni habari za ushuru, mwenye mikorosho mia anakuwa nayo kumi.

Halafu msimu. Ukiuliza kipato Novemba au Desemba, watu wamelipwa, unapata Kusini tajiri, pikipiki mpya kila kona. Rudi Februari au Machi uliza swali lilelile, utaandika ripoti ya kuomba chakula. Nyumba ileile, mtu yuleyule. Utafiti wowote wa kipato Mtwara au Lindi usioandika ulifanyika mwezi gani, mimi naufunga ukurasa wa kwanza.

La tatu ni kaya. Kwenye sensa tunafundishwa vizuri, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, na tulihesabu waliolala hapo usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Wanafunzi hawafundishwi, au wanafundishwa wakiwa wanachati. Mwanaume ana wake wawili, mmoja Kitangari, mwingine shambani. Ni kaya ngapi? Mama kaachika, karudi kwa mama yake, mjomba ndiye anayelipa ada. Mkuu wa kaya nani? Nimeona msaidizi wa utafiti anaandika "mume" mahali ambapo mume hajaonekana tangu mtoto anyonye. Kwa jamii zetu za ukoo wa mama, ukikosea hapo data yote ya "maamuzi ya familia" ni takataka.

Mwananchi_Ruangwa

Mimi sina digrii, naomba kuuliza. Hao watafiti wanakuja kwetu kila leo. Wanachukua majina, wanapiga picha, wanasema "maoni yenu yatafanyiwa kazi". Hatujawahi kuona karatasi hata moja ikirudi. Sasa mimi nikimwona mtu na dodoso namjibu ndiyo kila swali ili aondoke nirudi kwenye mihogo yangu. Je hiyo nayo mnaihesabu?

MwanaShangani

Tunaihesabu, mzee wangu, na ndilo tatizo. Dodoso lenye maswali ishirini ya "unakubali au hukubali" linamzawadia mtu anayetaka kumaliza haraka. Dawa ndogo ni kugeuza baadhi ya maswali. Swali la 4 liseme "mfumo huu unamsaidia mkulima", la 15 liseme "mfumo huu unamuumiza mkulima". Aliyekubali yote mawili ameshakuambia yuko wapi kimawazo: kwenye mihogo. Dawa kubwa ni hiyo uliyoitaja, kurudisha matokeo. Mtafiti aliyerudi na ukurasa mmoja wa Kiswahili akausoma kwenye mkutano wa kijiji, safari ijayo anajibiwa tofauti.

Sumu_ya_Hoja

Mimi naona mnazunguka. Sayansi ya jamii ni porojo zenye majedwali. Mtu anajua jibu kabla hajaenda. Na wewe mleta uzi unatetea unyago kijanja, sema tu.

MwanaShangani

Nimesema mara ngapi sijatetea? Nikikuambia ushahidi wako hautoshi kumfunga mshtakiwa, sijasema mshtakiwa ni malaika. Nimesema rudi kaulete ushahidi.

Na hilo la kujua jibu kabla, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana kuna zoezi moja nawapa wanaokuja kwangu: kabla hujaenda popote, andika kwenye karatasi ni kitu gani ukikikuta kitakufanya uache unachokiamini. Kama hakuna jibu lolote litakalokubadilisha, usipoteze nauli, andika makala ya maoni. Binti anayeamini unyago ni chanzo aandike: "Nikikuta mahudhurio hayabadiliki baada ya sherehe, nitakuwa nimekosea." Hapo sasa anafanya utafiti.

Mama_wa_Mikindani

Nimesoma kimya, sasa naomba na mimi niseme. Mimi ni kungwi, na kwetu kazi hii ni ya kurithishana.

Wamekuja kwangu wanafunzi wa vyuo, wa kiume na wa kike. Swali lao moja: "Je, mnawafundisha watoto ngono?" Ukisema ndiyo, wanaandika. Ukisema hapana, wanaandika unaficha. Hakuna aliyeniuliza mtoto anakaa ndani muda gani, nani analipa, baba anasema nini, mwalimu mkuu anashirikishwa au la, ya siku hizi yana tofauti gani na ya mama yangu. Hayo ningeyajibu. Ya ndani siyajibu, ni siri, na kijana wa kiume akiniuliza ya ndani ananitukana hata kama hajui.

Na jambo lingine, mwanangu MwanaShangani umelisema nusu. Watoto wa kiume nao wanakwenda jando. Mbona hakuna anayeandika "mchango wa jando katika utoro"?

MwanaShangani

Shikamoo mama. Hapo umetupa kundi la kulinganisha bure kabisa. Likizo ileile, kijiji kilekile, wazazi walewale, wavulana wanakwenda jandoni na wasichana wanachezwa. Kama wote wanashuka mahudhurio, pengine shida ni gharama za sherehe au kalenda. Kama wanashuka wasichana tu, kuna jambo linalowahusu wao. Kama hawashuki wote, basi tuandike hivyo, hata kama msimamizi atanuna.

Na hilo la siri ni funzo kwa wenye haraka: kuna maarifa ambayo mtafiti hana haki nayo kwa sababu tu ana barua ya chuo.

Mzee_Kivinje

Wajukuu, mnanifurahisha. Nawaletea jambo la zamani kidogo, maana naona mnadhani shida hizi zimeanza na SPSS, hiyo programu yenu ya kuchambulia takwimu.

Mwaka 1906 alikuja huku Mjerumani, Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Alishukia Lindi, akapanda mpaka Masasi na Newala. Alikuwa na fonografi ya kunasa nyimbo na mashine ya kupigia picha za sinema, na mambo ya unyago na jando aliyaandika kwa kirefu. Mpaka leo watu wanamnukuu. Sasa fikirini: alikuja wakati moshi wa Majimaji haujatulia, akisindikizwa na askari wa serikali. Mwenye nyumba anayeona bunduki mlangoni anaulizwa habari za mila zake. Atajibu nini? Atacheza ngoma gani mbele ya mashine? Sisemi tumtupe, kuna nyimbo ambazo bila yeye zisingebaki. Nasema ukimnukuu, mnukuu na askari wake.

Na Majimaji yenyewe. Vita viliwaka 1905 huku kwetu, milima ya Umatumbi. Maafisa wengi wa Kijerumani waliandika kwamba ni ushirikina na waganga, maji ya mganga Kinjeketile, yaliyosemwa kwamba yanazuia risasi, yamewatia watu wazimu. Mwaka 1968 Chuo Kikuu pale Dar es Salaam kilituma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado hai. Wakaletewa habari nyingine: mashamba ya pamba ya lazima, viboko, kodi, akida. Vita vilevile, chanzo kingine kabisa, kwa sababu aliyeulizwa ni mwingine.

Lakini msikimbilie kusema basi wazee ndio walisema kweli yote. Mwaka 1968 ni mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Mzee anazungumza na kijana wa chuo, nchi huru, redio inahubiri umoja. Na yeye ana sababu za kukumbuka umoja zaidi kuliko kijiji kilichokataa kunywa maji. Mpeni heshima yake, halafu mlinganishe na wa kijiji cha pili. Kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Kijana_Chikongola

Mzee, kwa hiyo hakuna wa kuaminiwa?

Mzee_Kivinje

Wapo. Ila si mmoja.

FundiSPSS

Wanafunzi msihangaike, data zipo, uchambuzi upo, sura ya kwanza mpaka ya tano siku chache tu. Bei ya kizalendo. Njoo inboksi.

Karani_wa_Zamani

Huyu hapa! Watu wa kupika data. Nawaambia wanunuzi wake jinsi tunavyowakamata, ni rahisi kuliko mnavyodhani.

Vijijini watu wazima wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Ukimuuliza mzee umri anakuambia 60, au 65. Ndiyo maana data ya kweli ina vilima kwenye umri unaoishia na 0 na 5. Wataalamu wa takwimu za watu wanalijua hilo siku nyingi na wana vipimo vyake. Mpishi anasambaza umri vizuri: 41, 43, 47, 52, 58. Inapendeza, haijawahi kutokea Nanyumbu. Pili, data ya kweli ina mashimo: mtu alikataa swali, mvua ilinyesha, mama alikwenda kuzima jiko hakurudi. Ya kupika imejaa kila mahali. Tatu, siku hizi dodoso ni la simu, KoboToolbox na wenzake, na linaandika saa ya kuanza na ya kumaliza. Mahojiano ya maswali sitini yaliyokwisha kwa dakika nne, yote yakiwa yamefanyikia nyumba moja ya wageni hapo Masasi mjini, yanajieleza yenyewe.

MwanaShangani

Na wale wa akili mnemba nao wapunguze. Ikikuandikia mapitio ya machapisho, kila rejea itafute mwenyewe uifungue. Zile programu zinaweza kukutungia mwandishi, mwaka, na jarida, vyote vizuri, na kazi yenyewe haipo duniani.

Binti_wa_Newala

Kaka MwanaShangani, shikamoo. Na mama, na babu, shikamooni. Mimi ndiye huyo mnayemsema, mada yangu ni hiyohiyo na supavaiza ameshaipitisha. Siwezi kuibadilisha sasa. Nifanyeje? Nina fedha za shule mbili tu, na muda si mrefu.

MwanaShangani

Marahaba mdogo wangu. Huhitaji kubadilisha mada, badilisha kinachopimwa.

Shule zina madaftari ya mahudhurio. Hiyo ni data iliyoandikwa kabla hujafikiria utafiti wako, kwa hiyo hakuna aliyeijaza ili akufurahishe (ingawa mwalimu mvivu naye anaweka tiki za kupendeza, kwa hiyo linganisha siku chache na shajara ya mwalimu wa zamu). Chukua darasa la sita na la saba katika shule zako mbili. Kwa kila mtoto andika siku alizohudhuria wiki kadhaa kabla ya likizo ya Juni na wiki kadhaa baada ya kufungua Julai. Kisha jua nani alichezwa likizo hiyo, nani alichezwa miaka iliyotangulia, na wavulana walioenda jandoni likizo ileile, kama alivyosema mama. Tayari una makundi matatu. Wale waliochezwa zamani ndio muhimu kuliko wote: wao hawakuwa na sherehe mwaka huu, kwa hiyo wakishuka na wao, ujue Julai ina mambo yake yasiyohusu unyago.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye mazungumzo, na usichukue watu wengi. Chukua waliokaidi mwelekeo: binti aliyechezwa na mahudhurio yakapanda, na binti ambaye hajachezwa na ameacha shule. Hao wawili watakufundisha kuliko thelathini wanaofanana. Usimuulize "unadhani mila potofu zinachangia utoro?" Ukishaweka neno "potofu" umemjibia. Mwambie: "Niambie wiki ya mwisho uliyokwenda shule ilikuwaje." Halafu nyamaza.

Hawa ni watoto, kwa hiyo kibali cha mzazi kwanza, na mtoto mwenyewe akubali. Akisema hataki, hataki, hata kama mama yake anamkazania macho.

Binti_wa_Newala

Asante sana kaka. Je hiyo itatosha kusema unyago ndio chanzo au siyo?

MwanaShangani

Shule mbili hazitoshi kusemea wilaya, achilia mbali Kusini nzima. Zinatosha kusema katika shule hizi mbili, mwaka huu, mahudhurio yalikwenda hivi na wenyewe wanaeleza hivi. Andika hivyo bila aibu. Supavaiza akitaka "chanzo kikuu", mwambie chanzo kikuu kinadai miaka mingi ya madaftari na wilaya zaidi ya moja.

Mama_wa_Mikindani

Na mwanangu, kwa kungwi usiende na mtendaji. Nenda na shangazi yako au mama yeyote wa hapo anayeheshimika. Ukija na mtendaji nitakujibu anayotaka kuyasikia mtendaji.

Binti_wa_Newala

Sawa mama. Na vibali? Naanzia wapi?

Karani_wa_Zamani

Barua ya chuo ianze kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anakuandikia kwenda wilayani, Mkurugenzi anakuandikia kwa afisa elimu na watendaji wa kata, halafu mtendaji wa kijiji na mwalimu mkuu. Toa nakala nyingi, kila ofisi inabaki na yake. Nenda Agosti. Madaftari ya Juni na Julai yatakuwa bado mezani kwa walimu, na mnada haujaanza. Ukichelewa mpaka Oktoba wazazi utawakuta mashambani wanaokota korosho.

Binti_wa_Newala

Nimeelewa. Naandika upya sura ya tatu wiki hii, nikimaliza naiweka hapa muichane.